Kutoka Mtini Hadi Mezani: Mwongozo kwa Mwenye Miembe

Ikifika Desemba, maembe hujaa masoko ya Dar es Salaam kama Buguruni na Temeke Stereo, bei hushuka, na wakati huohuo kule Mkuranga, Kisarawe na Muheza mengine huoza chini ya miti kwa kukosa mchumaji. Mama wa genge hufungua tenga alilolilipia kamili akakuta safu ya chini imepondeka. Mteja wake hupasua embe la njano la kupendeza akakuta nyama ngumu na chachu. Mkulima, mchuuzi na mlaji kila mmoja humshuku mwenzake, na wote watatu wanalipia hasara ileile.

Hasara yenyewe si ndogo. Mwaka 2019 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilikadiria kwamba duniani kote zaidi ya asilimia 20 ya matunda na mboga hupotea baada ya kuvunwa, kabla hata ya kufika kwenye meza ya muuzaji wa rejareja. Tukizungumzia hasara hiyo kwetu, mara moja tunataja barabara mbovu na ukosefu wa vyumba vya baridi. Vyote viwili ni kweli. Lakini ukilifuata embe moja kutoka mtini mpaka sokoni utaona kwamba sehemu kubwa ya madhara hufanywa na mikono: mchumaji anayetikisa tawi, mpakiaji anayeshindilia tenga kwa goti, kuli anayerusha mzigo. Na kila mkono unampokeza mwingine bila kupima wala kuandika, hivyo anayeliharibu tunda siye anayelipa.

Mwongozo huu nimewaandikia wenye miembe ishirini, hamsini, mia, pamoja na vikundi vyao, kwa sababu wao ndio wanaoweza kuanza kesho. Ninachowaomba kifuatwe ni kimoja, na mengine yote yanatoka humo: kila mkono unaopokea tunda upime, uandike, na ubebe hasara inayotokea ukiwa umelishika.

Usiuze mti ukiwa na maua

Wengi wenu mnaijua biashara ya kuuza mti mzima. Mnunuzi anakuja mti ukiwa na maua au vitoto vya embe, anakadiria kwa macho, anatoa pesa, anaondoka. Siwalaumu wanaofanya hivyo. Ada ya shule na ugonjwa havingoji msimu. Ila elewa unachouza. Mnunuzi wa mti hana sababu ya kuutunza mti wako wala kuja mara tatu kuchuma yaliyopevuka tu. Analipa gari mara moja, kwa hiyo atataka mzigo mmoja: changa, pevu na bivu pamoja. Hapo ndipo uharibifu unapoanzia, kabla gari halijawashwa.

Ukiwa huna budi kuchukua pesa mapema, chukua malipo ya awali kwa sehemu ya miti, si shamba zima, na muandikiane mambo manne: nani atachuma, atachuma kwa kifaa gani, kilo itahesabiwa kwa bei gani, na nani atabeba hasara ya matunda yaliyochumwa yakiwa machanga. Karatasi hiyo ishuhudiwe na mtendaji wa kijiji. Miti iliyobaki uza kwa kilo.

Kuuza kwa kilo kunahitaji wenzako. Fuso halitaingia kijijini kwa ajili ya kreti zako kumi, na kirikuu kwenda Dar es Salaam kila wiki kitakula faida. Kaya kumi na tano zenye miti ya aina moja, zinazochuma siku moja na kukusanya mahali pamoja, zinaweza kujaza gari na kupanga bei na mwenye gari. Wakulima wengi wa Mkuranga wanauza pia korosho kupitia chama cha msingi na stakabadhi ghalani, na wengine hutaka embe nalo liuzwe hivyo hivyo. Haiwezekani. Korosho inangoja ghalani miezi kadhaa, mnada ufanyike, malipo yachelewe, na bado ni korosho. Embe pevu lina siku chache. Kikundi cha embe kinahitaji simu nyingi, vikao vifupi, na pesa inayolipwa siku ileile ya mauzo.

Nzi anayeanza kabla yako

Embe linaweza kuchumwa vizuri, likapakiwa vizuri, likafika na funza ndani. Nzi wa matunda aliyetoka Asia aligunduliwa Kenya mwaka 2003, na baada ya hapo akaenea sehemu kubwa ya Afrika. Jike hutoboa ganda na kutaga chini yake. Katika maisha yake anaweza kutaga mamia ya mayai. Funza hula nyama, tunda huanguka, funza huingia udongoni, na nzi mpya hutoka huko. Kwa sababu ya nzi huyu Kenya ilisitisha yenyewe kupeleka maembe Ulaya mwaka 2014, na soko hilo halikufunguka tena mpaka 2021. Miaka saba kwa mdudu mdogo kama huyo.

Kazi kubwa ya kumzuia haigharimu pesa. Okota maembe yote yaliyoanguka, angalau mara mbili kwa wiki, na usiyaache kwenye rundo pembeni mwa shamba. Yafukie kwenye shimo lenye kina kinachozidi nusu mita, au yafunike kwa nailoni nyeusi iliyokazwa pande zote na kuachwa juani mpaka funza wafe. Jirani asipofanya hivyo kazi yako inapungua thamani, ndiyo maana jambo hili ni la kikundi. Mitego yenye kivutio cha methili yujenoli hunasa madume. Inasaidia kukuonyesha nzi wameongezeka lini, lakini peke yake haitoshi, kwa sababu jike ndiye anayetaga. Jike hunaswa kwa chambo cha protini kinachonyunyiziwa sehemu ndogo ya mti, wala huna haja ya kulowesha mti mzima kwa dawa.

Na tafadhali, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani, majimoto, msiwachome moto. Wanauma, ni kweli, na vijana hukataa kupanda mti wenye viota vyao. Lakini mti wenye majimoto wengi hushambuliwa kidogo na nzi. Siku ya kuchuma jipake majivu mikononi na shingoni, tumia kichumio kirefu, waache waishi.

Ukipiga dawa yoyote, soma kwenye chupa siku zinazotakiwa kupita kabla ya kuchuma, na uziandike kwenye daftari la shamba pamoja na tarehe. Mnunuzi makini atakuuliza.

Siku ya kuchuma

Sehemu hii ndiyo ninayoitilia mkazo kuliko zote, kwa sababu kosa la siku hiyo halirekebishiki na mtu yeyote baadaye, hata akiwa na chumba cha baridi cha thamani gani.

Kwanza, usichume kabla ya kuwa na mnunuzi. Piga simu siku mbili kabla, jua anataka kilo ngapi, za ukubwa gani, siku gani. Embe lililo mtini linajitunza lenyewe. Likishachumwa saa zake zinahesabiwa.

Pili, chuma lililopevuka. Embe pevu hujaa mabegani, pande mbili za kikonyo huinuka na kikonyo chenyewe huonekana kimezama kidogo. Ganda hupoteza kijani kikali. Usiamini macho peke yake: chuma maembe matano kutoka pande tofauti za shamba, yapasue mpaka kwenye kokwa. Nyama iliyo karibu na kokwa ikiwa imeanza kuwa ya njano, endelea. Ikiwa nyeupe kabisa, rudi baada ya wiki. Dodo, Boribo, Sindano, Apple na Kent hazipevuki kwa wakati mmoja, na hata mti mmoja hutoa maua kwa awamu. Wenye miembe ya kubebesha wanaofunga kitambaa cha rangi kwenye matawi kulingana na wiki ya maua hupata kazi rahisi: toka maua hadi kupevuka ni miezi mitatu mpaka minne hivi, kutegemea aina na joto la mahali.

Embe changa likichumwa halitaiva. Litanywea, litakunjamana ganda, na mlaji atalitupa baada ya kung'ata mara moja. Mlaji huyo harudi kununua embe wiki hiyo. Kila embe changa linaloingia kwenye gari linakupunguzia soko lako mwenyewe.

Tatu, saa ya kuchuma. Alfajiri sana utomvu hutoka kwa nguvu na umande unalowesha ganda. Anza umande ukikauka, kama saa mbili au saa tatu asubuhi, simama jua likiwa kali, endelea alasiri. Kilichochumwa kipelekwe kivulini mara moja. Embe lililoachwa juani hupata joto kuliko hewa yenyewe, na kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka huharakisha kuchakaa kwa tunda mara mbili au zaidi. Mwavuli wa mti au banda la makuti linatosha.

Nne, utomvu. Huu ndio unaoacha michirizi myeusi kwenye ganda, michirizi ambayo mnunuzi wa hoteli na duka kubwa haivumilii. Kata embe likiwa na kikonyo kirefu cha sentimita kadhaa. Likifika kivulini, kata kikonyo kifupi na uligeuze hapohapo kichwa chini, juu ya kichanja cha fito au wavu, utomvu udondoke chini bila kugusa ganda. Acha nusu saa au zaidi. Usiyapange moja kwa moja juu ya udongo. Kisha osha kwa maji safi, maana maji ya dimbwi huingiza vijidudu kwenye jeraha la kikonyo, na embe litaanzia kuoza hapo.

Kuna madoa meusi ambayo hayaonekani siku ya kuchuma ila hutokea embe likianza kuiva. Ni ugonjwa wa kuvu ulioingia tangu wakati wa maua na mvua. Kulizamisha embe katika maji ya moto ya nyuzi 52 kwa dakika 5 hupunguza ugonjwa huo sana. Lakini msifanye bila kipimajoto na mtu anayekiangalia muda wote. Nyuzi chache zikizidi ganda linaungua. Kama kikundi hakina kipimajoto, ruka hatua hii.

Kichumio chenyewe kiwe mti mrefu wenye kisu na mfuko mdomoni. Vijana wanaotikisa matawi wasipewe kazi, na mchumaji alipwe kwa kilo zilizokubaliwa baada ya kuchambuliwa, si kwa idadi ya ndoo. Mabadiliko hayo ya malipo peke yake hubadilisha mikono.

Mwisho wa siku chambueni mafungu matatu: kubwa safi lisilo na alama, zuri la kuliwa lenye alama za nje, na lililopasuka, dogo sana au linaloiva tayari. Pimeni kila fungu kwa mizani, andikeni kilo na jina la mkulima. La tatu lisipande gari moja na mengine. Embe moja bivu hutoa hewa ya ethilini inayoyaivisha yaliyo karibu, na kreti moja ya maembe mabivu inatosha kuuvuruga mzigo wa usiku mzima.

Kreti, na nani atairudisha

Tenga ni chombo cha heshima, na mafundi wanaolisuka wanajua kazi yao. Kwa embe linalosafiri mbali halifai. Ni refu kwenda chini, safu ya chini hubeba uzito wote, na fito zake hutoboa. Likijazwa mpaka kilemba juu, yaani lumbesa, linakuwa pia kosa la kisheria Tanzania, na Wakala wa Vipimo ndio wanaosimamia hilo. Lumbesa humwibia mkulima kilo, na humharibia mchuuzi tunda. Sioni anayefaidika nayo isipokuwa anayelipa kwa kuhesabu vyombo.

Kreti ya plastiki yenye matundu, ya kubeba kilo 20 hivi, ndiyo jibu. Ijaze chini kidogo ya ukingo wake, ili kreti ya juu ikae juu ya kreti na isikae juu ya maembe. Weka karatasi chini. Ikiwa pesa ya plastiki haipo, fundi seremala akutengenezee sanduku la mbao zilizopigwa randa, la kina kifupi, misumari isitokeze ndani, nalo ulitandike nyasi kavu.

Tatizo la kreti haliko kwenye kununua. Liko kwenye kuirudisha. Kikundi kinanunua kreti mia, baada ya safari chache zimebaki nusu. Nyingine zinauziwa nyanya, nyingine zimekuwa viti. Hapa daftari linafanya kazi. Kila kreti ipakwe rangi ya kikundi na namba. Mpokeaji sokoni aweke amana ya kila kreti au iandikwe kama deni lake, likatwe kwenye malipo ya mzigo unaofuata. Dereva alipwe kiasi kidogo kwa kila kreti tupu anayoirudisha, na gari linalorudi kijijini tupu ndilo lizibebe. Zikifika zioshwe kwa sabuni na dawa ya klorini, kwa kuwa kreti chafu hubeba kuvu wa mzigo wa jana.

Gharama hii ni kubwa mno? Pigeni hesabu yenu wenyewe. Tuseme mnapakia kilo 2,000, na bei ya soko siku hiyo ni Sh 1,000 kwa kilo. Zikiharibika asilimia 30 mnauza kilo 1,400, sawa na Sh 1,400,000. Zikiharibika asilimia 10 mnapata Sh 1,800,000. Tofauti ya safari moja ni Sh 400,000, na mafuta, ushuru na dereva mmelipa vilevile. Wekeni bei halisi ya kreti huko kwenu mbele ya tofauti hiyo, mhesabu safari ngapi zinairudisha.

Njiani

Pakieni jioni, msafiri usiku, mfike sokoni kabla ya saa kumi na moja alfajiri wachuuzi wakiwa wanachagua. Turubai liinuliwe kwa fito ili hewa ipite kati yake na mzigo; turubai jeusi lililolala juu ya maembe mchana ni tanuri. Watu wasikae juu ya kreti. Mzigo usichanganywe na samaki, vitunguu wala mapipa ya mafuta.

Kuhusu ushuru wa mazao, ulizeni halmashauri yenu viwango vya sasa na mtembee na risiti. Marekebisho yaliyokuja na bajeti ya 2017/18 yaliondoa ushuru kwa mazao yasiyozidi tani 1 yanayosafirishwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine, na wakulima wengi hadi leo hawajui. Ambao mzigo wao unavuka mpaka kwa Horohoro au Namanga kuelekea Mombasa na Nairobi, jipatieni mapema cheti cha afya ya mimea kutoka Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA. Kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, ulizeni forodhani utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unaotoa cheti cha uasili kwa wafanyabiashara wadogo. Kreti zilizokaa mpakani mchana kutwa kwa kukosa karatasi moja ni hasara ya kujitakia.

Sokoni na dalali

Dalali anasemwa vibaya kuliko anavyostahili. Anawajua wanunuzi, anajua leo Mabibo kumejaa na Buguruni kuna nafasi, anawakopesha mama wa genge na kuyafuata madeni yao mwenyewe. Kikundi kinachojaribu kumwondoa kabisa mara nyingi hukaa na mzigo juani mpaka saa sita mchana. Kinachopaswa kuondolewa ni giza lililo kati ya bei anayouza na bei anayowaambia.

Kwa hiyo, mkubaliane naye kamisheni kabla gari halijaondoka kijijini, kwa kilo au kwa asilimia, na iwe wazi kwamba hana cha ziada juu ya hiyo. Tumeni mwanakikundi mmoja na kila mzigo, mwenye mizani na daftari. Kreti zipimwe tena zikishuka. Kilo zilizopungua au maembe yaliyopondeka yaandikwe hapohapo, dereva akiona. Kila mauzo yaandikwe: fungu la ngapi, kilo ngapi, bei gani. Picha za kurasa hizo zirushwe kwenye kundi la simu la wanachama kabla ya saa nne asubuhi, na pesa ya kila mkulima iingie kwenye simu yake siku hiyo. Dalali mwaminifu atayapenda mambo haya, maana yanamkinga na tuhuma. Anayeyakataa, mwambieni kwa upole, "Kaka, tunakushukuru kwa miaka yote, lakini msimu huu tunapima," mkatafute mwingine.

Baada ya safari tatu au nne daftari litaanza kusema. Litaonyesha mti wa nani hutoa maembe yanayooza, dereva yupi hupoteza kilo chache, siku ipi ya wiki ina bei nzuri. Hakuna mtaalamu atakayewapa habari hizo.

Kuhusu chumba cha baridi

Embe pevu hukaa vizuri kwenye nyuzi 13 za sentigredi. Likishuka chini ya 10 huumia: ganda hupata madoa ya kijivu, nyama haiivi sawasawa, ladha hupotea. Ndiyo maana chumba cha baridi kilichojengwa kwa ajili ya maziwa au samaki hakifai, na kreti za embe zisihifadhiwe pamoja na parachichi za Hass zinazopenda nyuzi 5 hadi 7.

Kwa kikundi kidogo, banda la mkaa lenye kuta mbili za wavu, mkaa katikati, na maji yanayodondoka juu yake hupooza bila umeme. Lakini hupooza kwa kukausha maji, kwa hiyo linafanya kazi mahali pakavu: Dodoma, Singida, Makueni. Mkuranga, Tanga na Mombasa, ambako hewa yenyewe imejaa unyevu, msipoteze pesa zenu huko. Kivuli, upepo, na kusafiri usiku vitawafaa zaidi. Ushauri wangu ni kwamba kikundi kisikope kwa ajili ya baridi kabla hakijamudu kreti na mizani. Embe lililopondeka halitaponywa na baridi.

Kuivisha bila sumu

Kabaidi ya mafundi wa kuchomelea imeingia kwenye matunda, na lazima itoke. Ikikutana na unyevu hutoa gesi ya asetilini inayogeuza ganda kuwa njano haraka wakati ndani bado ni bichi, na kabaidi ya viwandani huwa na mabaki ya aseniki na fosforasi. Anayeishika bila kinga hujidhuru, na hana haki ya kumlisha mtoto wa mtu.

Kuvundika kwa njia ya wazee kunatosha: chumba au sanduku safi lililofungwa, maembe mapevu ya fungu moja, ndizi mbivu chache katikati, siku mbili hadi nne. Fungua kila siku hewa ibadilike, ukitoa yaliyotangulia. Mfanyabiashara mkubwa anaweza kutumia chumba cha ethilini chenye nyuzi 20 hadi 22 kwa saa 12 hadi 24. Yote haya yanategemea jambo moja, kwamba embe lilikuwa pevu lilipochumwa. Kabaidi inashamiri kwa sababu machanga yanaletwa sokoni.

Kwa mama wa genge na kwa mlaji

Mama, kaa na kivuli juu ya meza yako, panga safu moja au mbili tu, na chambua kila asubuhi: bivu mbele kwa bei ya leo, gumu nyuma kwa kesho kutwa. Lililolainika sana lipunguze bei kabla ya jioni au ligeuze juisi kwa maji yaliyochemshwa. La vipande lifunikwe, liuzwe siku hiyohiyo.

Nawe unayenunua, nusa karibu na kikonyo. Embe lililoiva kwa haki lina harufu hapo. Usiogope alama ya nje kwenye ganda, ogopa njano ya kung'aa isiyo na harufu. Gumu liache nje ya friji mpaka liive. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku kwa mtu mzima, na msimu wa embe ndio wakati wa bei nafuu wa kufikia kiasi hicho.

Fungu la tatu

Yale maembe mliyoyatenga siku ya kuchuma yana soko lake, mradi hayajaoza. Wilayani Mkuranga, Mwandege, kipo kiwanda cha matunda cha Bakhresa; Kaunti ya Makueni nchini Kenya ilijenga chake Kalamba. Kiwanda hakiangalii uzuri wa ganda, kinaangalia sukari, rangi ya nyama na usafi, na kinataka kujua mapema tani ngapi zitakuja lini. Bei yake ni ya chini kuliko soko la mjini, lakini ni sakafu ambayo fungu la tatu halishuki chini yake, na hilo huwapa nguvu ya kukataa bei ya dhuluma Desemba. Pelekeni mzigo mdogo wa majaribio mapema msimu unapoanza.

Kukausha kunawezekana nyumbani, kwa vipande vyembamba kwenye kaushio la jua lililofunikwa nailoni na wavu wa kuzuia nzi, kamwe si juu ya mkeka barabarani. Embe ni maji kwa zaidi ya asilimia 80, kwa hiyo tegemeeni kilo nyingi kutoa kilo moja, na tafuteni mnunuzi kabla ya kuanza. Achari na pilipili-embe hazihitaji kiwanda. Zinahitaji chupa safi na jina linaloaminika mtaani.

Miembe ya Pwani huanza kutoa maua kati ya Juni na Agosti, na wanunuzi wa miti huanza kupita muda huohuo wakiwa na pesa mkononi. Itisheni kikao kabla hawajafika: mchague mtunza daftari, mchange mizani na kreti za kwanza, na mmwalike diwani awaeleze ushuru uliokusanywa msimu uliopita umejenga nini, kama sokoni kwenu bado hakuna paa wala bomba la maji.